Kalenda ya Nyumbani Haifai Juba

Mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja huuhesabu mwaka kwa pepo na mvua. Kaskazi ikivuma, joto huzidi. Masika huingia Machi na kwisha Mei. Kusi na kipupwe hufuata, watu wakajifunika shuka usiku, kisha vuli hurudi kuanzia Oktoba hata Desemba. Aliyekulia Nairobi au Kampala naye ana misimu yake miwili ya mvua, na hana haja ya kuitazama ukutani. Anajua lini apande mahindi, lini aanike nguo bila wasiwasi, na lini amnunulie mtoto viatu vya mvua.

Mtu huyo apatapo amri ya kwenda kazini Juba, au mkewe afungapo mizigo ili amtembelee, huichukua kalenda hiyo pamoja na sanduku lake bila kujua kwamba ameichukua. Akifika Julai akitumaini kipupwe kikavu, hukuta matope na mbu. Akifika Februari akidhani joto la Juba ni ndugu wa joto la Dar es Salaam, huugua kabla ya kupata nafasi ya kujifunza. Kwa hiyo kitu cha kwanza kinachopasa kuachwa nyumbani ni kalenda.

MVUA MOJA, KIANGAZI KIMOJA

Juba ipo karibu digrii 5 kaskazini ya Ikweta. Tanga nayo ipo karibu digrii 5, lakini kusini. Miji hii miwili imekaa kama watu wawili walioketi pande mbili za mlango mmoja, umbali sawasawa, na hata hivyo mvua huwaingilia kwa namna mbalimbali.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mvua za nchi za joto hulifuata jua. Jua linapohamia kaskazini, ukanda wa mawingu huhama nyuma yake, na linaporudi kusini, mawingu hurudi pia. Tanga na Nairobi hupitiwa na ukanda huo mara ya kwanza ukienda na mara ya pili ukirudi, na kati ya safari hizo mbili pana miezi kadhaa ya ukavu. Ndipo watu wakapata masika na vuli. Juba iko ndani zaidi ya eneo ambalo ukanda huo hukaa katikati ya mwaka, hivyo safari mbili zimeungana zikawa majira mamoja marefu. Mvua huanza kwa kusitasita mwishoni mwa Machi, hushika nguvu Aprili na Mei, huendelea hata Oktoba, na kuaga mwezi wa Novemba. Mwaka mzima mji hupata kiasi kinachokaribia milimita 1000.

Miezi inayobaki, yaani Desemba, Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi, ni kiangazi. Watu wa Juba wanaosema Kiarabu hukiita seif, na majira ya mvua huyaita kharif. Maneno hayo mawili yamfae mgeni kuliko majina kumi na mawili ya miezi, kwani mwenyeji akitaja ugonjwa, bei ya mtama au safari ya kijijini, aghalabu atataja kwanza kama ilikuwa seif au kharif.

Basi iko wazi kwamba mwaka wa Juba ni kama mwaka wa pwani uliogeuzwa. Juni, Julai na Agosti, ambayo Dar es Salaam ni miezi mikavu na ya starehe, Juba ni katikati ya mvua. Novemba na Desemba, ambayo Nairobi watu hutembea na miavuli, Juba ndipo anga linapokuwa safi na njia zinakauka.

KIANGAZI NA JOTO LAKE

Mji umejengwa kwenye ukingo wa magharibi wa mto Nile Nyeupe, ambao mahali hapo huitwa Bahr el Jebel, katika nchi iliyo kiasi cha mita 550 tu juu ya usawa wa bahari. Kampala imeinuka hadi karibu mita 1200, na Nairobi imepita mita 1600. Mtu aliyetoka katika miji hiyo hushuka ngazi ndefu, na kila anaposhuka joto humpokea. Bahari nayo i mbali mno kuweza kumletea upepo wa jioni.

Joto la Dar es Salaam ni la unyevu. Shati hulowa, mtu hulalamika, lakini jasho lake humwonya kwamba maji yanamtoka. Joto la kiangazi cha Juba ni kavu. Upepo hutoka kaskazini mashariki, katika nchi zisizo na mvua, na hulinyakua jasho kabla halijaonekana. Mgeni hujidhania hatoki jasho, hivyo haoni haja ya kunywa. Kumbe maji yake yamekwenda na upepo. Kichwa humuuma saa nane mchana, mkojo wake hugeuka rangi ya chai, na jioni hulala bila hamu ya chakula, akisema ni uchovu wa safari.

Februari na Machi ndiyo miezi mikali kuliko yote. Kwa kawaida mchana hufikia digrii 37 au 38 za Sentigredi, na usiku haupoi sana. Vumbi jekundu hupanda nyuma ya kila gari na kila pikipiki. Nje ya mji nyasi huchomwa, wengine wakiwinda na wengine wakitafuta malisho mapya, na moshi wake huning'inia angani kama pazia. Majani makavu ya paa la nyumba ya udongo, ile inayoitwa tukuli, yanahitaji cheche moja tu. Kwa hiyo mama mwenye jiko la mkaa huliweka mbali na ukuta, na mgeni hana budi kufanya vivyo hivyo bila kungoja kuambiwa.

Hata saa zina habari ya kumweleza. Tangu tarehe 1 Februari, mwaka 2021, Sudan Kusini imerudisha saa nyuma kwa saa moja, hivyo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zikiwa saa mbili asubuhi, Juba ni saa moja. Kwa hesabu hiyo jua la Juba huwa juu kabisa karibu na saa sita kamili. Mwenyeji hupanga siku yake kwa kulitazama jua hilo. Sokoni Konyo Konyo huenda asubuhi, kazi nzito humaliza kabla ya saa nne, na mchana hukaa chini ya mwembe au chini ya kibanda cha kivuli wanachokiita rakuba. Mgeni huona watu wameketi na kudhani ni wavivu. Baada ya juma moja la kutembea juani saa saba mchana, huvuta kiti akaketi nao.

Kiangazi kina wema wake pia. Desemba na Januari, kabla joto halijakomaa, ndiyo miezi mizuri zaidi kwa mtu anayetaka kuja kutembea na watoto. Usiku una nafuu, mbu wamepungua, na barabara za udongo hupitika. Si ajabu kwamba mambo mengi makubwa ya nchi hii yalipangwa wakati huo. Kura ya kuamua kujitenga ilipigwa kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari, 2011, wakati masanduku ya kura yaliweza kufikishwa hata vijiji vya mbali.

MVUA NA MATOPE YAKE

Mvua za kwanza hupokewa kwa furaha. Maembe yanaiva, vumbi linatulia, na katika siku chache tu ardhi iliyokuwa na rangi ya matofali hugeuka kijani. Wakulima wa Kibari na jirani zao hupanda mtama, karanga na ufuta. Joto hushuka pole pole, na kufika Julai na Agosti mchana huwa kiasi cha digrii 30 au 31. Mtu aliyeteswa na Machi hujiona amehamia nchi nyingine.

Lakini mvua ya Juba hainyeshi siku kutwa kama manyunyu ya milimani. Aghalabu asubuhi huwa na jua, mchana mawingu hujikusanya, kisha upepo wa ghafula hubeba mchanga na mabati yasiyopigiliwa vizuri, na baada yake maji humwagika kwa saa moja au mbili. Watu hukimbilia barazani. Pikipiki za abiria hutoweka barabarani, na ahadi zote za saa hiyo huhesabiwa kuwa zimevunjwa bila kosa la mtu yeyote. Mgeni anayekasirika kwamba fundi hakufika saa tisa angetazama kwanza anga.

Jua nalo haliendi likizo. Tarehe 9 Julai, 2011, siku ya uhuru, iliangukia katikati ya majira ya mvua, na hata hivyo umati uliokusanyika kwenye uwanja wa kaburi la John Garang ulisimama saa nyingi katika jua kali. Kati ya mvua moja na nyingine, jua huuma mara mbili kwa sababu hewa imejaa unyevu.

Hatari iliyofichika zaidi ni makorongo. Mji na viunga vyake vimekatwa na mikondo ambayo kiangazi huwa mikavu, watoto wakicheza ndani yake na mbuzi wakilala. Mvua ikinyesha vilimani upande wa magharibi, karibu na Jebel Kujur, korongo lililokuwa kavu asubuhi huweza kuwa mto jioni. Askari anayetafuta mahali pa kupiga hema, na baba anayetafuta kiwanja cha bei nafuu, wote wawili waulize maji hupita wapi. Kiwanja cha bei nafuu mno mwezi wa Februari huwa na sababu yake, na sababu hiyo huonekana Agosti.

MASIKA YA MWANZA HUPITA JUBA

Liko jambo moja ambalo mgeni kutoka Afrika Mashariki hulisikia kwa mshangao. Mto wa Juba huweza kupanda ingawa Juba hakujanyesha. Maji yake mengi yametoka Ziwa Viktoria, nalo hulishwa na mvua za Mwanza, Bukoba, Kisumu na Kampala, na mito ya Rwanda na Burundi. Ziwa humwaga maji yake pale Jinja. Kutoka hapo hupita Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, huingia Sudan Kusini huko Nimule, huteremka kwenye maporomoko ya Fula, na kufika Juba. Baada ya Juba huenda kutawanyika katika tambarare kubwa ya vinamasi iitwayo Sudd.

Masika mazito yaliyoujaza uwanja wa mtu huko Bukoba hatimaye hupita chini ya daraja la Juba. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda kupita alama ya juu iliyowekwa mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Tangu mwaka 2019 mafuriko yamekuwa yakiyapiga majimbo ya Jonglei na Unity mwaka baada ya mwaka. Mji wa Bor, ulioko kiasi cha kilomita 200 kaskazini ya Juba, uliingiwa na maji mwaka 2020, na mji wa Bentiu ukawa kama kisiwa kinacholindwa kwa kuta za udongo. Juba yenyewe imeinuka kidogo na haikupatwa na msiba wa kiasi hicho, lakini familia nyingi zilizopoteza nyumba na ng'ombe zimekimbilia mjini. Mgeni akimwuliza jirani yake kwa nini alihama kijijini, ajiandae kusikia jibu lenye jina la ziwa analolijua.

AMRI YA NJIA

Askari na polisi hufundishwa kwamba amri ikitoka hutekelezwa. Sudan Kusini wanajifunza kwamba njia nayo hutoa amri. Udongo mweusi wa tambarare, ukikauka, hupasuka na kuwa mgumu kama saruji. Ukilowa, hushika gurudumu na hauachi. Lori lililokwama Juni huweza kukaa mahali pale hata Novemba.

Katika vita vya zamani vya nchi hiyo utaratibu huu ulijulikana kwa pande zote. Kiangazi jeshi lenye magari lilisonga mbele, na mvua ziliponyesha wapiganaji wa porini, watembeao kwa miguu, walipata nafasi yao. Leo mashirika ya chakula hufuata hesabu iyo hiyo. Shirika la Chakula Duniani hujitahidi kupeleka akiba katika maghala ya mbali wakati wa kiangazi, kwa kuwa mvua zikishika, sehemu nyingi hazifikiwi ila kwa ndege au mashua, na gharama ya ndege ni kubwa mno.

Mwanadamu alilijua jambo hili zamani. Katika karne ya 19, mashua za wafanyabiashara kutoka Khartoum zilingoja upepo wa kaskazini unaovuma wakati wa kiangazi ndipo zipande mto hadi Gondokoro, karibu na ilipo Juba sasa. Ndiyo maana Samuel Baker alikuwa Gondokoro Februari 1863, mwezi ule ule Speke na Grant walipofika hapo kutoka kusini. Walikutana mahali hapo kwa sababu upepo na ukavu viliwaruhusu.

Njia kuu ya leo ya kutoka Juba kwenda mpaka wa Uganda huko Nimule ina urefu wa kilomita 192, na ililazwa lami yote mwaka 2012. Hiyo hupitika majira yote, na ndiyo inayoleta unga, sukari, saruji na nyanya za mji. Ukitoka kwenye lami, mambo hubadilika. Anayetaka kwenda Torit wakati wa mvua aulize hali ya njia asubuhi ile ile, kwani habari ya jana imezeeka. Na kwa kuwa hali ya hewa si hatari pekee ya njiani, habari za usalama ziulizwe pamoja nayo.

AFYA YA ASKARI NA YA JAMAA YAKE

Kila majira huja na maradhi yake, na mama mwenye nyumba angefanya vema kuyajua kabla ya kufunga safari.

Kiangazi huleta homa ya uti wa mgongo, kwa sababu Sudan Kusini imo katika ukanda wa Afrika ambao ugonjwa huo huzuka wakati wa ukavu na vumbi. Chanjo yake itafutwe kabla ya kuondoka, pamoja na ile ya homa ya manjano ambayo cheti chake huulizwa mipakani.

Joto lenyewe huweza kuua. Mtu akianza kuchanganyikiwa kwa maneno, ngozi ikawa ya moto sana, au akizirai, asingojewe. Apelekwe kivulini, alegezwe nguo, aloweshwe maji mwili mzima na kupepewa, huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Askari wa zamu apewe maji kabla hajaona kiu, kwa kuwa kiu katika hewa kavu huja imechelewa.

Mvua huleta malaria, tena kwa wingi. Hapa pana onyo la pekee kwa watu wa Zanzibar na wa nyanda za juu za Kenya. Zanzibar imeipunguza malaria kiasi kwamba vijana wengi wamekua bila kuugua, na Nairobi hali ni karibu hiyo hiyo. Sifa hiyo njema ina upande wa pili, nao ni kwamba miili yao haina mazoea na ugonjwa. Homa ambayo mwenyeji mtu mzima huistahimili siku mbili huweza kumwangusha mgeni vibaya sana, na mtoto mdogo zaidi. Chandarua chenye dawa kifungwe kila usiku, kiangazi na mvua. Mikono mirefu ivaliwe tangu magharibi. Dawa ya kinga iulizwe kwa daktari kabla ya safari.

Jambo hili lisiishie Juba. Vijidudu vya malaria hukaa mwilini siku saba, siku kumi na nne, na pengine zaidi, kabla homa haijaonekana. Baba hurudi likizo akiwa mzima, akapokewa kwa shangwe, na juma la pili akaanza kutetemeka. Mke wake asimwache alale akisema ni uchovu au mafua ya Nairobi. Ampeleke kupimwa siku ile ile, na amwambie mganga waziwazi kwamba mgonjwa ametoka Juba, kwani mganga asiyejua safari ile huweza kutafuta ugonjwa mwingine wakati saa zinapita.

Kipindupindu nacho hupenda mvua, maji yanapochanganyika na uchafu. Juba ilipatwa nacho mwaka 2014, ikapatwa tena 2015 na 2016. Watu wengi wa mjini hununua maji yanayoletwa na magari ya matangi, hivyo mgeni asidhani kwamba maji ya kununuliwa ni maji salama. Yachemshwe, au yatiwe dawa. Mtu akianza kuharisha maji matupu, anyweshwe mchanganyiko uliotengenezwa kwa lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, wakati wa kumpeleka hospitali. Kipimo kisizidishwe kwa wema. Chumvi nyingi humdhuru mtoto.

SANDUKU LA SAFARI

Kwa kiangazi, nguo za pamba zisizobana, kofia pana, kitambaa cha kufunika pua kwa ajili ya vumbi, mafuta ya ngozi na ya midomo, na chupa kubwa ya maji. Shuka nyepesi yatosha. Blanketi libaki nyumbani. Kwa mvua, viatu vya mpira vifikavyo magotini, koti la mvua, nguo za kubadilisha, na mfuko wa nailoni wa kuhifadhia hati na simu. Taa ya kuchaji kwa jua ni rafiki wa majira yote.

Mama afikaye kati ya Mei na Julai asistaajabie bei za sokoni. Hiyo ndiyo miezi ambayo akiba ya mwaka uliopita imekwisha na mavuno mapya hayajaja. Familia nyingi hupunguza mlo. Mgeni akikaribishwa kula asida wakati huo, ajue kwamba amepewa kitu chenye thamani kubwa kuliko kinavyoonekana sahanini, na kwenda kumtembelea mtu na kifurushi cha unga au sukari ni adabu itakayokumbukwa.

WENYEJI NA MAARIFA YAO

Watu wa nchi hii hawakukaa wakiitazama hewa mikono mitupu. Wamundari wa Terekeka, kaskazini ya Juba, huhamishia ng'ombe wao kando ya mto wakati wa kiangazi. Jioni huwasha samadi kavu, na moshi wake hufukuza wadudu. Jivu hujipaka wao na kuwapaka ng'ombe, likawakinga na jua na mbu. Mgeni huona jivu akadhani ni pambo, lakini ni dawa, tena isiyohitaji duka.

Wabari na jirani zao walikuwa na wakuu wa mvua waliohifadhi mawe ya mvua. Cheo hicho kilikuwa na heshima kubwa na hatari kubwa. Katika baadhi ya jamii za eneo hilo, mkuu wa mvua ambaye mvua zilimkatalia miaka mingi aliweza kulaumiwa hata akauawa. Leo watu wengi huomba mvua kanisani, lakini mtu anaweza kuelewa kutokana na desturi hiyo jinsi mvua ilivyohesabiwa: ilikuwa jambo la uhai wa watu, na kiongozi aliulizwa habari yake.

Siku hizi hata wenyeji wanaona kwamba kalenda yao inawateleza. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote za nchi kwa sababu joto lilitarajiwa kufika digrii 45. Februari 2025 zikafungwa tena kwa majuma mawili, baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba, wengi wao wakisoma katika madarasa ya mabati yasiyo na umeme wala feni. Wazee waliozoea kupanda mara wasikiapo ngurumo ya kwanza ya Machi husema kwamba ngurumo hiyo sasa huweza kuwadanganya. Mbegu huota, kisha jua hurudi na kuichoma.

Kwa hiyo mgeni asiiache kalenda ya nyumbani na kuishika ya Juba kwa ukaidi ule ule. Miezi iliyotajwa hapa ni ya kumwelekeza tu. Akishafika, amwamkie jirani, akubali kikombe cha chai chini ya mwembe, na amwulize mambo matatu: maji hupita wapi hapa mvua ikinyesha, njia gani hupitika sasa, na zahanati iliyo karibu iko wapi. Maswali hayo hayana gharama. Askari atakayeuliza siku ya kwanza atapunguza sana hatari ya kuugua, na aliyebaki nyumbani na watoto atapata usingizi.